Kadi Nyekundu

Alhamisi usiku, Lewiston, jimbo la Maine.
Barafu imeufunga mfereji wa kiwanda cha zamani,
nasi watano tumo chumba cha chini, tunachapa.

Mashine ni ya ushirika. Haina mwenyewe,
maana yake sote ndio wenyewe,
na ikikwama, kama sasa, tunaitukana kwa zamu.
Hatuna meneja. Tuna daftari, birika la kahawa,
na kikao cha Jumatatu kisichojua kwisha.

Réjean Ouellette, ambaye nyanya yake alifuma shuka
ng'ambo ya mfereji huu hadi mapafu yakajaa pamba,
ananiuliza bila kuinua kichwa:
"Etabo, si wewe uliyesema dola ni jiwe shingoni?
Mbona leo unachapa maneno yake?"

Nilisema. Bado nasema.
Nilisema mwezi Mei, kwenye ngazi za maktaba, mvua ikininyea:
mkate ni wa anayeuoka,
nyumba ni ya anayelala ndani yake,
na bendera, iwe ya rangi gani, ni kitambaa
alichokishona mtu aliyepunjwa.

Lakini Mwavita wa ghorofa ya tatu,
alipogongewa saa kumi na moja alfajiri,
hakuwa na nadharia.
Alikuwa na mtoto mgongoni, mwiko mkononi,
na kadi hii tuliyoipenyeza chini ya mlango wake.
Akaisoma kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa,
Kiingereza chenye lafudhi ya Fizi, neno kwa neno:
nionyesheni hati yenye saini ya jaji.
Kimya.
Kisha buti zikaanza kuhesabu ngazi kwenda chini.

Jambo hilo likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maana nawajua walioiandika karatasi ile.
Mabwana waliokuwa na watu kwenye orodha ya mali,
mstari mmoja chini ya farasi.
Waliketi wakampima binadamu kama kibaba cha unga:
tano, wakahesabu tatu.
Sijawasamehe. Hawajaniomba.
Ila baadaye wengine waliikwarua karatasi hiyo hiyo,
wengine kwa kalamu, wengi kwa mgongo,
na nikiisoma siku hizi nasoma makovu
kuliko ninavyosoma saini.

Na nilikozaliwa niliwahi kuona mlango
ambao hapakuwa na karatasi yoyote nyuma yake.
Sitaki kuueleza.

"Kwa hiyo karatasi ndiyo iliyowashusha?" Réjean anauliza.
Sijui, ndugu yangu.
Alfajiri ile milango saba ilifunguka kwenye ngazi zile,
watu wakatoka na kandambili, na mablanketi,
bibi mmoja na mswaki mdomoni,
wakasimama tu.
Fimbo ya mbali haiui nyoka;
huenda ilikuwa mbali miaka yote mia mbili na ushee,
kule mji mkuu, ndani ya kioo,
na siku ile ikafika mkononi.

Nasema huenda, kwa sababu ya Asukulu.
Asukulu alikuwa na kadi mfukoni, naye aliisoma.
Alikuwa peke yake, maegesho ya duka, theluji tupu.
Wakamchukua, pamoja na kadi yake.

Usiniombe basi niipende Katiba.
Nimeishika kama mtu anavyoshika ukuta wa jirani
wakati wa mafuriko:
haulizi ni nani aliyeujenga, wala haachi kuogelea.
Na maji yakipungua tutazungumza,
nami nitakuwa na mengi ya kusema.

Réjean anafuta wino kwa shati lake, tabia mbaya.
"Na dola ikifa, hizi zitakazobaki tutazifanyia nini?"
Nageuza kadi. Nyuma ni nyeupe.
"Tutaandika zamu za kuosha vikombe."

Anacheka mpaka anakohoa, kikohozi cha nyanya yake.
Mashine imekubali.
Mia tano zaidi, kisha tulale.